Modeli yangu ilikausha shamba ambalo bado lilikuwa na maji

Siku ya sita baada ya mvua, mama mwenye shamba alipiga magoti, akachomeka kidole cha shahada ardhini mpaka kikazama chote, akakitoa na kunionyesha. Sehemu ya juu ilikuwa na vumbi tupu. Ncha ilikuwa imeshika udongo mwekundu uliolowa, ule unaoshikana ukiufinya.

"Maji yapo, mwanangu," akaniambia. "Yamejifunika."

Begani nilikuwa na kompyuta, na ndani yake modeli, yaani hesabu zinazoiga mwendo wa maji udongoni, ilisema shamba hilohilo, siku hiyohiyo, limepoteza karibu mvua yote iliyonyesha. Nilikuwa nimeshaifanya kazi ile kwa miezi minane. Nilirudi mjini na daladala ya jioni nikiwa sina la kumwambia mtu.

Naandika haya kwa sababu wanafunzi wa kilimo na wa uhandisi wa maji huwa wananitafuta wakitaka kujua waanzie wapi kuiga mwendo wa maji udongoni kwa kompyuta. Karibu wote huuliza programu gani watumie. Hata mimi nilianza na swali hilo, na lilinigharimu msimu mzima wa mvua, ada ya muhula wa ziada na fedha ambazo sikuwa nazo.

Swali langu la utafiti lilikuwa hivi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka hupata kama milimita 550 hadi 600. Mvua ya kwanza ikishanyesha, mkulima wa mtama au uwele ana uamuzi mbele yake: apande leo au angoje? Akipanda na mvua ikakata wiki mbili, miche inanyauka na mbegu imekwenda. Atarudia kupanda, na mbegu ya kurudia mara nyingi ni ya kukopa. Akingoja, anakula siku za msimu ambao tangu mwanzo ni mfupi. Nilitaka kujua ni mvua ya kiasi gani, kwenye udongo ule wa Chamwino, mkoani Dodoma, inayobakiza unyevu wa kutosha pale mbegu ilipolala kwa siku kumi bila tone jingine. Wakati huo shamba halina jani hata moja. Maji yanayokwenda hewani yanatoka kwenye udongo mtupu, kwa hiyo ukikosea mvukizo, umekosea kila kitu.

Nadharia niliipenda tangu darasani. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga uliojaa maji. Mwaka 1907 Mmarekani Edgar Buckingham akaeleza kwamba udongo ambao haujajaa maji hubadilika uwezo wake wa kuyapitisha kadiri unyevu wake unavyobadilika. Mwaka 1931 Lorenzo Richards akayaweka yote katika mlinganyo mmoja, na mpaka leo ndio moyo wa programu nyingi za kazi hii.

Kwa wasiopenda milinganyo, mimi hueleza kwa koroboi. Utambi huvuta mafuta ya taa kutoka chini mpaka kwenye moto bila pampu yoyote. Udongo nao ni hivyo: jua likikausha juu, pale juu panavuta maji kutoka chini kupitia vitundu vyembamba kati ya chembe. Siku ya kwanza na ya pili baada ya mvua, utambi umelowa vizuri na jua ndilo linaloamua kiasi gani kipotee. Kisha ngozi ya juu inakauka, nyuzi za maji kati ya chembe zinakatika, na utambi unakuwa kama umekatwa kwa mkasi. Kuanzia hapo jua liwake litakavyo, udongo ndio unaoamua. Mvukizo unashuka ghafla, halafu unaendelea kupungua taratibu. Hatua hizi mbili nilizijua na niliziandika kwenye mtihani. Kilichonishinda ni kuzitambua nilipoona modeli yangu haina hatua ya pili.

Nilipakua HYDRUS-1D, programu ya kuiga mwendo wa maji udongoni, toleo ambalo lilikuwa la bure, na jioni ya kwanza tu nikapata grafu. Hapo ndipo hatari ilipo. Programu ina orodha ya aina 12 za udongo; unachagua jina, na namba sita zinajijaza zenyewe: udongo unabeba maji kiasi gani ukijaa, unabakiza kiasi gani ukikauka, unayaachia kwa kasi gani, unapitisha sentimita ngapi kwa siku. Ripoti ya zamani niliyoikuta ilisema eneo lile ni la udongo tifutifu. Nikachagua tifutifu. Uwezo wa kupitisha maji ukajaa wenyewe: sentimita 24.96 kwa siku. Namba yenye desimali mbili inatia imani, na mimi iliniingia.

Mstari wa juu yake kwenye orodha ileile, tifutifu kichanga, unasema sentimita 106.1. Yaani jina moja tu la kando, na uwezo wa kupitisha maji unazidi mara nne. Zaidi ya hapo, namba zile ni wastani wa udongo wa Marekani. Udongo wetu mwekundu wa kitropiki mara nyingi una mfinyanzi ulioshikana kwa madini ya chuma ukawa vijipunje vidogo. Maabara itauita mfinyanzi, lakini maji yanapita kati ya vijipunje hivyo kama yanavyopita kwenye mchanga. Hakuna jina kwenye orodha linaloweza kukuambia hilo. Siku nilipopeleka sampuli maabara, fundi sanifu hakungoja hata mashine. Alichukua udongo wa kujaa kiganja, akaudondoshea maji, akaukanda, akajaribu kuusukuma kwa kidole gumba utoke kama utepe. Utepe ulikatika kabla haujafika urefu wa kucha. "Huu tifutifu wa wapi?" akauliza. "Huu una mchanga mwingi." Dakika mbili, na maji ya kikombe kimoja. Fanya hivyo kabla ya kufungua kompyuta.

Kosa la pili lilikuwa la gridi. Programu hukata udongo katika vipande na kupiga hesabu kwenye kila nodi, yaani nukta ya hesabu. Nilikuwa na kina cha sentimita 100, nikaweka nodi 21, moja kila sentimita tano, kwa sababu zilikuwa zinagawanyika vizuri na hesabu ilimalizika upesi. Fikiria maana yake. Ile ngozi inayokauka na kukata utambi ina unene wa milimita chache mwanzoni. Nodi yangu ya juu ilikuwa inawakilisha sentimita mbili na nusu za udongo kwa pamoja, na kati yake na ya chini yake programu ilikuwa ikichukua wastani wa uwezo wa kupitisha maji. Wastani wa kikavu na kilicholowa unatoka mkubwa kuliko hali halisi, kwa hiyo maji yaliendelea kupanda kana kwamba hakuna ngozi iliyokauka. Baadaye nilianza na milimita mbili juu kabisa na kuongeza pole pole hadi sentimita mbili kule chini. Hesabu ikachukua dakika badala ya sekunde, na mstari wa mvukizo ukabadilika umbo mbele ya macho yangu.

Na programu ilikuwa imenionya. Kila ukiiendesha, inaandika faili la urari wa maji: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, na tofauti isiyoelezeka. Tofauti yangu ilikuwa asilimia 6. Niliiona, nikalifunga faili, nikarudi kwenye grafu kwa sababu grafu ilikuwa nzuri. Sasa faili hilo ndilo la kwanza ninalofungua. Tofauti ikizidi asilimia 1 siangalii kitu kingine mpaka nijue maji yamekwenda wapi.

La tatu linauma zaidi, kwa sababu nililiona kwa macho nikiwa nimesimama chini ya mwembe. Mvua ya Januari ilianguka chini ya saa moja, na kipima mvua kikasoma milimita 48. Maji ya rangi ya kahawia yalishuka kwenye njia ya ng'ombe mpaka yakafunika viatu vyangu. Nilipoingiza data, niliandika 48 kwenye safu ya siku ile, kama kituo cha hali ya hewa kinavyoandika. Programu ikazisambaza kwa saa 24: milimita mbili kwa saa, manyunyu ya mchana na usiku. Udongo wowote unayameza manyunyu ya namna hiyo. Modeli ikasema maji yaliyotiririka juu ya ardhi ni sifuri, na mimi nikakubali, viatu vyangu vikiwa bado vimelowa. Mvua zetu ni fupi na kali. Jumla ya siku haitoshi. Msimu uliofuata binti wa mama yule, aliyekuwa kidato cha pili, alinisaidia kwa daftari: mvua imeanza saa ngapi, imekatika saa ngapi, kipima mvua kimesoma ngapi. Daftari lile lilikuwa na thamani kuliko data zote nilizolipia.

Kuhusu upepo nitasema kwa ufupi. Ukikadiria nguvu ya hewa ya kukausha kwa njia ya Penman-Monteith iliyowekwa mwaka 1998 na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inataka kasi ya upepo kwenye kimo cha mita 2. Data niliyopewa ilikuwa ya mita 10, tena kwa noti. Noti moja ni mita 0.514 kwa sekunde, na ya mita 10 unaizidisha kwa takriban 0.75 kuishusha hadi mita 2. Nilifanya la kwanza nikasahau la pili, na Dodoma ni nchi ya upepo. Uliza kimo cha chombo siku unayopewa data.

Haya yote yalikuwa yananisukuma upande mmoja: maji mengi mno yanaingia, maji mengi mno yanapanda, maji mengi mno yanaondoka. Kwa hiyo matokeo yalionekana yanakubaliana, na mimi nikadhani kukubaliana huko ni ushahidi. Nilikuwa nimeshaandika rasimu inayowashauri wakulima wa kijiji kile wasipande mpaka ipatikane mvua ya milimita 45. Hesabu kidogo siku ambazo familia ingengoja. Ndilo jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku silali upesi.

Msimamizi wangu aliisoma rasimu yote, akanirudishia, akauliza swali moja: "Umepima nini?" Nikaanza kueleza data za hali ya hewa. Akatikisa kichwa. "Hizo ni za anga. Nauliza udongo. Mvukizo umeupima?" Sikuwa nimeupima. Nililia kwenye ngazi za jengo lile, na sioni aibu kulisema, maana najua wapo watakaofika pale.

Kupima si ghali. Nilinunua bomba la plastiki la inchi nne kwenye duka la vifaa vya ujenzi, fundi akalikata vipande vya sentimita 15, akanoa ukingo mmoja wa kila kipande. Asubuhi baada ya mvua unakisukuma kipande ardhini taratibu, juu umeweka ubao ili nyundo isipige plastiki, unakichimbua na udongo wake ndani bila kuutikisa, unaziba chini, unafuta nje, unapima uzito, unakirudisha kwenye shimo kikiwa sawasawa na ardhi. Kesho yake saa ileile unapima tena. Wataalamu wanaviita laisimita ndogo. Uwazi wa bomba langu ulikuwa na eneo la sentimita za mraba 85, kwa hiyo kila gramu 8.5 zilizopungua ni milimita moja ya maji. Mizani ya jikoni ya kilo tano inayosoma gramu moja inatosha kabisa. Yangu ilikuwa shilingi 32,000. Tumia plastiki, maana chuma kinapitisha joto la jua na kukausha udongo wa pembeni. Na upepo ukivuma, mizani inacheza. Mimi nilipimia ndani ya boksi la katoni lililolazwa ubavu.

Hata hapo nilikosea. Wiki ya kwanza niliviacha vipande vilevile ardhini siku sita. Bomba likishazibwa chini, udongo wa ndani haupati tena maji ya kutoka chini, kwa hiyo baada ya siku mbili au tatu linakauka kuliko shamba lenyewe. Kila siku ya tatu chimbua vipya. Ni kazi, mikono inatoka malengelenge, lakini hakuna njia ya mkato.

Mvua iliyofuata ilikuwa ya milimita 31. Nilipima vipande vinane na kuchukua wastani. Siku ya kwanza milimita 5.2 zilipotea. Siku ya pili 4.6. Siku ya tatu nilipoona mizani nilidhani imeharibika, nikaizima na kuiwasha: 1.9. Kisha 1.3, 1.0, 0.9. Jumla 14.9 kwa siku sita. Modeli yangu ya zamani, kwa siku hizohizo, ilikuwa imesema milimita 29. Hatua ya pili ilikuwa pale mbele yangu, kwenye mizani ya kupimia unga, na siku ya sita ndipo mama alipochomeka kidole.

Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho. Niliiweka programu kando, nikafungua Excel, nikapiga hesabu rahisi ya FAO ya tabaka la juu la sentimita 10. Udongo wangu ulishika maji asilimia 20 baada ya kuchuja, na mmea unanyaukia kwenye asilimia 8. Mvukizo unaweza kuushusha unyevu wa tabaka hilo mpaka nusu ya kiwango cha kunyauka, kwa hiyo maji yanayoweza kuondoka ni milimita 16. Kati ya hayo, kama milimita 8 za mwanzo zinaondoka kwa kasi ya jua. Zilizobaki zinaondoka kwa kasi inayopungua. Safu sita za Excel, nusu saa. Jumla ya siku sita ikatoka karibu 16, dhidi ya 14.9 za mizani. Nusu saa ilinipa jibu ambalo miezi minane haikunipa. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza ni huo: piga kwanza hesabu unayoweza kuifuata kwa kalamu, ndipo uende kwa Richards, na usikubali jibu la modeli kubwa linalopingana na hesabu ndogo mpaka ujue kwa nini.

Lakini hesabu ndogo ina kikomo chake. Inakuambia jumla, haikuambii kwenye sentimita ya tano kuna nini, na mbegu inalala kwenye sentimita fulani. Kwa hiyo nilimrudia Richards, safari hii nikiwa na udongo wangu mwenyewe.

Sampuli za kwanza nilikuwa nimezibeba kwenye mifuko. Udongo wa mfukoni unafaa kupima mchanga na mfinyanzi, haufai kupima unavyoshika maji, kwa sababu vitundu vyote vimeshavunjika. Unahitaji pete za chuma, ukate udongo ukiwa na unyevu kidogo na si ukiwa mkavu. Nilikata 12, nikazifunga vizuri, nikazikabidhi kwenye buti la basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 250 hadi Morogoro. Zilipofika, saba zilikuwa na nyufa. Msimu wa pili nilizipanga ndani ya ndoo yenye vipande vya godoro kati ya pete na pete, nikasafiri nayo mapajani. Zote zilifika salama. Majibu ya maabara yalichukua wiki saba, kwa sababu kila kiwango cha mgandamizo unaosukuma maji kutoka kwenye sampuli kinangojewa mpaka maji yaache kutoka. Panga ratiba ya tasnifu yako ukijua hilo. Jumla ya vipimo, nauli na posho ya waliosaidia kuchimba ilifika shilingi 1,460,000. Zaidi ya nusu alinikopesha dada yangu.

Uwezo wa kupitisha maji ulitoka sentimita 61 kwa siku. Si 24.96, wala si 106.1.

Hata kwa namba hizo modeli haikukaa sawa mara moja, nikafanya kosa la mwisho ninalotaka kulitaja. Niliiruhusu programu ijitafutie namba zinazolingana na mizani. Ikazipata, mistari ikalaliana kabisa. Nikachimba shimo, nikapima unyevu kwa kukausha udongo kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24: kwenye sentimita 20 modeli ilikuwa imekosea vibaya. Zipo seti nyingi za namba zinazotoa mvukizo uleule, huku chini ya ardhi zikisimulia habari tofauti kabisa. Ulinganishe na angalau vipimo viwili vya aina tofauti, juu na kina, na weka kando wiki moja ya data ambayo modeli haijaiona. Tatizo langu liligeuka kuwa ukoko. Pete zangu nilizikata kuanzia sentimita tano kwenda chini, nikairuka ile ngozi ngumu ambayo matone ya mvua huigongea na kuiziba. Nilipoipa tabaka lake la nusu sentimita, lenye uwezo mdogo wa kupitisha maji, mambo mawili yalijipanga kwa pamoja: maji ya njia ya ng'ombe na unyevu wa sentimita 20.

Mama alikuwa akiufahamu ukoko ule kabla sijazaliwa. Shamba lake halikuwa la kuberega, yaani kupanda bila kulima, kama ya baadhi ya majirani; yeye siku ya pili baada ya mvua hupita na jembe akikwatua juu juu, hata kama hakuna jani la kupalilia. Nilimuuliza sababu. "Nisipokwatua, jua linanyonya," akasema. Nikachukua vipande vinne, nikavikwatua sentimita tatu za juu kwa uma wa chakula, vinne nikaviacha. Vilivyokwatuliwa vilipoteza zaidi siku ya kwanza, 5.6 dhidi ya 5.2. Mpaka siku ya sita vilikuwa vimepoteza 12.7 dhidi ya 14.9. Kukwatua hukata utambi mapema, kabla jua halijaukata lenyewe. Milimita mbili ni chache kwa mtu anayemwagilia kwa bomba. Kwa mche wa siku tisa unaongoja mvua, ni siku mbili za kuishi. Sisemi itakuwa hivyo kila mahali. Udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa, una tabia nyingine kabisa, na huko mlinganyo wa Richards wenyewe unataka kusaidiwa, kwa sababu maji na hewa vinapita kwenye nyufa.

Rasimu niliiandika upya. Badala ya milimita 45, kwa shamba lile, ilisema 25 zinatosha kwa siku kumi, iwapo mbegu imekaa sentimita tano chini na juu pamekwatuliwa. Nilisita sana kuitoa namba hiyo. Nikaenda kumwambia mama kwanza, na nikamwambia pia ile ya zamani na kwa nini ilikuwa na makosa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na hiyo tano unaipimaje na jembe?" Tukapima: kwa jembe lake, ni upana wa vidole vitatu.

Desemba iliyofuata ilinyesha milimita 27, kisha mbingu zikafunga. Siku ya nane nilipiga simu, nikamwamkia, nikamwambia kwamba kwa hesabu zangu vumbi limefika sentimita tatu na nusu na chini yake kumelowa. Akaniambia ningoje. Nilisikia akimwita binti yake alete rula ya shule, kisha kimya, kisha sauti ya jembe likigonga ardhi mara moja.

"Nne," akasema.

Nikauliza chini yake kukoje.

"Pamelowa. Na mtama umeshatoa mzizi."